Binti Uliyemuoza Kwenye Senema

Kwako wewe, baba yake Rahma,

Salamu nakupa, kwani salamu hanyimwi mtu. Lile neno "mpendwa" ambalo watu huanzia barua nimelitafuta tangu asubuhi, wallahi halikuja, basi tusilisubiri.

Naiandika barua hii wazi, kila ajuaye Kiswahili aisome, kwa sababu na wewe umesema wazi. Ulikaa kwenye kochi jekundu la televisheni ya kwenu Uskoti, mguu juu ya mguu, ukamwambia yule bibi mtangazaji kwamba unaye binti Omani na kwamba mila za watu wa kule zilisimama baina yako na yeye. Kisha ukashusha macho. Watu ukumbini wakakuonea huruma, wengine wakapiga makofi. Mimi nayajua macho yale yanavyoshuka, nimekaa nayo nyumba moja. Yalikuwa yakishuka vilevile kila uliposahau kununua mtungi wa gesi.

Jina lako la kwenye senema silitaji hapa, wanaokujua watakujua. Kwetu wewe ulikuwa Yusuf, jina ulilochagua mwenyewe siku uliyosilimu, na ndilo alilokuitia mama yangu kwa sauti mpaka jirani wa pili anasikia.

Unasema kwenye mahojiano yako kwamba uigizaji ulijifunza jangwani, miongoni mwa Mabedui. Jangwa gani, bwana we? Ulikuwa mwalimu wa Kiingereza hapa Ibra, ukikaa ghorofani juu ya duka la dawa, na kiyoyozi chako kikiunguruma kiangazi na kipupwe. Jangwa uliliona Ijumaa chache, ndani ya gari ya kaka yangu, vioo vimepandishwa, na bado ukalalamika kwamba mchanga umeingia kwenye mkate wako wa mayai. Bedui uliyemjua ni mmoja, yule aliyekuja kuivuta gari ilipozama, na yeye alikucheka.

Ulichojifunza, ulijifunza nyumbani kwa baba yangu. Unakumbuka siku ya kwanza ulivyokuja? Mimi nilikuwa nafanya kazi ofisi ya usajili pale chuoni kwenu, ukaniomba nikutambulishe kwa wazee kama inavyopasa, na hilo lilinipendeza, sikatai. Ukakaribishwa majlisini, chumba cha wageni. Baba akakumiminia kahawa, ukanywa, ukarudisha finjani bila ya kuitikisa. Hukujua kwamba asiyetikisa finjani anaomba nyengine. Baba akamimina tena. Ukanywa tena. Mzee wa watu akamimina, na wewe ukanywa kwa adabu zako zote, mpaka mikono ikaanza kukutetemeka. Mama alikuwa nyuma ya mlango amejiziba mdomo kwa kanga. Jioni ile alisema, "Huyu mtu mwema, lakini ataugua moyo."

Baada ya kuoana, mama ndiye aliyekukataza mlango wa majlisi. Wewe unaijua nyumba yetu, ina milango miwili. Wa mbele, unaoelekea barabarani, ni wa wageni. Wa nyuma, pale kwenye mdimu, unaingilia jikoni, na ni wa watu wa nyumbani. Ulikuja siku moja ukagonga kule mbele, umevaa kanzu yako ya dishdasha iliyopigwa pasi vizuri, na mama akatoka kichwa wazi kukufokea. "We Yusuf! Mgeni ndiye anayepita huku. Wewe pita jikoni, unisaidie kukoroga."

Basi ukawa unapita jikoni. Ukakaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, na Kiswahili chako chote ukakipata hapo, kwa mama, bibi wa Malindi ya Unguja ambaye Kiingereza hajui hata cha kuomba maji. Alikupa mwiko na bokoboko lake la ngano na nyama, akawa anakuelekeza na wewe unarudia. "Koroga taratibu. Usiache ikashika chini. Samli baadaye, we mtoto, baadaye!" Ulikuwa hodari wa kurudia. Hata kikohozi chake ulikirudia. Sisi tukaona ni mapenzi. Kumbe ulikuwa unakusanya.

Na baba yangu je? Siku ya nikaha yetu sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kidogo, nami nimekaa na hina zangu mikononi nikichungulia kwa jicho moja. Baba alivua saa yake akaitia mfukoni. Kaka yangu akamuuliza vipi tena, naye akasema, "Hii si shughuli ya kutazamia saa." Ndipo akakushika mkono. Akasema maneno ya kukuoza kwa Kiarabu, kisha akayarudia kwa Kiswahili, polepole, ili uelewe unapewa nini. Sauti ikamkatika. Akachukua ncha ya kilemba akafuta jicho la kushoto, halafu la kulia. Na wewe ukajibu "Nimekubali" kwa sauti kubwa hivyo, utadhani unawasikilizisha watu wa viti vya nyuma. Wanawake tukacheka, tukapiga vigelegele.

Sasa tuje kwenye hiyo kazi yako kubwa. Uliondoka Rahma akiwa hajaanza skuli. Ulisema ni miezi michache, umeitwa kujaribiwa kwenye tamthilia, ukikosa unarudi. Ulipata, na kurudi hukurudi. Mwanzo tulikuwa tunakutafuta kwenye televisheni kwa fahari, nikisema kweli. Tukakuona kwenye tangazo la supu ya kopo, unapuliza kijiko. Tukakuona kwenye tamthilia ya hospitali, umelala kitandani tangu mwanzo mpaka mwisho, na mama akauliza kama ndiyo hiyo kazi, kulala. Halafu ukawa askari mlevi wa Glasgow anayetafuta wauaji na kumpigia mkewe kelele. Talaka yangu ilinifikia wakati huo huo, kwa simu, nawe ulikuwa na haraka kwa sababu walikuwa wanakungoja upakwe rangi.

Sikulia sana. Nilikuwa na mtoto wa kulea na kazi ya kwenda, na baba yangu alikuwa amekwisha kuanza kuugua. Alipofariki ulituma ujumbe wa maandishi wenye picha ya mshumaa. Mshumaa, kwa maiti ya Kiislamu! Mama aliiangalia ile simu akaniuliza kama umeme umekatika huko kwenu.

Kisha huko wakagundua kwamba unajua kutamka "kh" na "gh" kama watu, ukawa ndiye Mwarabu wao. Wakakupaka uso rangi ya chai ya maziwa. Leo sheikh, kesho mfanya magendo, kesho kutwa waziri wa mafuta mwenye meno ya dhahabu. Ukanawiri. Magazeti ya kwenu yakakuita fundi wa Mashariki, nawe ukakubali, hukuona haya hata kidogo.

Hebu nikukumbushe ile senema ya maharamia, ile uliyokuwa sultani katili na mateka wamefungwa minyororo mbele yako. Tulikaa sote kuitazama, mama katikati. Ukasimama, ukatoa macho, ukanguruma. Maandishi ya chini yalisema kwamba alfajiri vichwa vya mateka vitatundikwa ukutani. Lakini wewe ulikuwa unasema Kiswahili, bwana, na ulikuwa unasema, "Korogeni taratibu! Msiache ikashika chini! Samli baadaye!" Mama alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Mimi nikacheka. Rahma, alikuwa msichana wa skuli wakati ule, akajigaragaza juu ya zulia. Kisha mama akaiokota kanga yake, akasema, "Sasa huyu kijana maneno yake mwenyewe hana?"

Swali hilo sikulijibu siku ile. Nimekuja kupata jibu baadaye, na lilimgharimu mwanangu.

Rahma amekua, amesoma, akaanza kazi hospitali ya Nizwa, kitengo cha watoto wachanga. Alikuwa anakupigia simu kila Iddi. Ukipokea, alikuwa anafurahi siku nzima, usipopokea alikuwa ananiambia, "Baba kazini." Mimi nilikuwa namtazama tu. Kila nilipokusema vibaya alikutetea. "Mama, yeye Mskoti, mambo yetu hayajui. Asiyejua halaumiwi." Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake juu yako. Picha yako ya mahafali pale chuoni, ile umembeba begani, aliiweka juu ya meza yake ya kujisomea, na jambo moja sikunyimi, kwa sababu yeye analikumbuka. Ulikuwa unamlaza kwa kumwigizia sauti za mbuzi wa jirani, kila mmoja na sauti yake, na mtoto akilala anacheka.

Akaja kijana kumposa, Khalfan, mtu wa Aija ya Sur, watu wazuri, mama yake kazaliwa Pemba. Tukaenda kwa kadhi. Kadhi akauliza baba wa binti yuko wapi. Nikasema yu hai, Muislamu, yuko Uskoti. Akasema basi walii wake, mwenye haki ya kumuoza, ni huyo, na mjomba hawezi kumuoza mpaka baba atoe idhini. Aje, au aweke wakili. Nikasema kuja huenda ikawa taabu. Na yule mzee, Mungu amjaze kheri, akasema si lazima aje. Apige simu ya kuonana uso kwa uso, mbele ya mashahidi, aseme kwamba amemfanya mjomba wakili wake amuoze binti yake. Sentensi moja.

Rahma alikupigia mwenyewe. Nilikuwa nimekaa naye, simu iko mezani, sauti yako tunaisikia sote. Alikueleza vizuri, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Alikwambia hataki zawadi, hataki uje, anataka useme neno hilo tu, Alkhamisi baada ya Asri. Na wewe ukajibu, "Mpenzi wangu, wiki hii nina tukio gumu sana la kupiga filamu. Siwezi kukatika. Lazima nibaki ndani ya mhusika." Ukasema utajaribu. Ukasema inshallah, lile inshallah lako la watalii.

Ndani ya mhusika! Ndani ya nani, na mtoto wako yuko nje anagonga?

Alkhamisi ile kadhi alikaa ofisini kwake Sur na kaka yangu na mashahidi na Khalfan na baba yake. Simu yako ikalia mpaka ikajikata. Wakapiga tena. Wakanywa kahawa, wakazungumza habari za mvua, wakapiga tena. Baba yake Khalfan, mtu mstaarabu, akatoka nje akajifanya anatafuta kitu kwenye gari ili kaka yangu asione haya. Mwisho kadhi akasema basi, sheria haimwachi binti akae hivi hivi, asiye na walii kadhi ndiye walii wake. Akamuoza yeye. Rahma wangu, mwenye baba anayejulikana nusu ya dunia, akaolewa kwa hukumu ya wasio na mtu.

Nilidhani atavunjika. Hakuvunjika. Alivaa nguo zake za kijani, akapakwa hina, na shangazi zangu walipoanza kukutukana aliwanyamazisha. "Hajui uzito wake," akasema. "Kwao baba hashikwi mkono, hasemi kitu. Ameona ni karatasi tu." Na mimi, Mungu anajua, siku ile ulimi niliuzuia kwa ajili yake.

Sasa ndiyo nafika pale nilipokuwa nakwenda tangu mwanzo.

Ile filamu yako mpya, iliyokupa tuzo, tuliitazama Aija, nyumbani kwa Rahma, yeye mjamzito kakaza mito nyuma ya mgongo. Umecheza tajiri mzee wa Kiarabu anayefilisika. Ndevu nyeupe, rangi ileile ya chai. Haikuwa mbaya, mpaka ulipofika kumuoza binti yako. Ukakaa juu ya zulia. Bwana harusi akakaa mbele yako. Ukavua saa, ukaitia mfukoni. Nikasikia mama ameshika mkono wangu. Ukamshika yule kijana mkono, ukasema maneno yote kwa Kiarabu, hukukosea hata irabu moja. Kisha ukayarudia kwa Kiswahili, polepole. Sauti ikakukatika palepale ilipomkatika baba. Ukachukua ncha ya kilemba. Jicho la kushoto, halafu la kulia.

Mama akasema, "Huyo si Yusuf. Huyo mume wangu."

Rahma alikuwa anatazama yule msichana wa kwenye filamu, aliyejifunika, analia, msichana aliyelipwa kuwa binti yako. Nilijua anahesabu nini kichwani, kwa sababu na mimi nilikuwa nalihesabu hilohilo. Lile tukio gumu. Ile wiki ambayo huwezi kukatika. Ulikuwa unamuoza yule.

Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, kumbe anajua."

Akainuka akaenda kuzima jiko, wali usiungue. Wiki ile ile nilipoingia chumbani kwake, picha ya mahafali haikuwapo tena juu ya meza. Sikumuuliza ameiweka wapi.

Unaona basi ulichofanya? Alikuwa amekujengea udhuru miaka yote, kautunza, kaukinga na ulimi wangu na wa shangazi zangu, na wewe ukaja ukauvunja mbele yake kwa ustadi wako mwenyewe. Ungecheza vibaya, mtoto angeendelea kukupenda. Lakini ulijua. Ulijua saa inavuliwa kwa nini. Ulijua mkono unashikwa vipi na maneno yana uzito gani, ukayasema vizuri, mara nyingi pengine, mpaka mwongozaji akaridhika. Kwa yule ulikuwa na siku nzima. Kwa huyu dakika hukupata.

Mimi nakudharau, Yusuf. Nalisema hivi hivi lilivyo, bila ya kupandisha sauti. Zamani nilikuchukia, na chuki ina kazi nyingi, inamkosesha mtu usingizi. Dharau haina taabu. Naosha vyombo huku nakudharau. Wamekupa sanamu ya dhahabu kwa machozi ya baba yangu, na jukwaani ukawashukuru watu chungu nzima, mpaka mpishi wa kambi. Marehemu hukumtaja. Sawa. Yeye hakuwa anaigiza, hahitaji tuzo.

Sasa juzi amepiga simu bibi mmoja kutoka kwenu, ana sauti tamu, akamtaka Rahma. Anasema unatengenezewa kipindi cha maisha yako. Unarudi ulikotoka kisanaa. Mtapita Ibra, mtakwenda jangwani, mtapiga picha za daraja la Aija, na wangependa sana wakupate nyumbani kwa binti yako umembeba mjukuu kwa mara ya kwanza. Akaomba, kama haiwi tabu, mtoto asiletwe mbele yako kabla ya kamera kuwa tayari, ili uso wako wa kumwona mara ya kwanza usije ukapotea bure. Alisema hivyohivyo. Rahma alikuwa anamnyonyesha mwanawe huku anamsikiliza.

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya kumpa yule bibi ambayo yasingetafsirika. Rahma akaninyooshea kidole, ninyamaze. Ni mjukuu wa mama yangu huyo, kwa uso na kwa amri.

Akamwambia, "Mwambie karibu. Kamera zibaki kwenye gari. Kahawa itakuwepo, na tende, na halwa. Mume wangu atakuwa nyumbani kumpokea." Yule bibi akauliza kama utaweza kukaa na familia jikoni, kwa sababu umesimulia sana juu ya jiko, na kreti, na mwiko, na ingependeza.

"Hapana," Rahma akasema. "Mgeni anapita mlango wa mbele."

Basi njoo, ukitaka. Nyumba ya Aija ina milango miwili kama yetu, wa wageni unatazama maji, huwezi kuukosa. Gonga hapo. Khalfan atakukalisha mahali pa heshima, atakumiminia kahawa, atakuuliza habari za safari. Mjukuu wako ataletwa umwone, kama anavyoletwa kwa kila mgeni, na utamwombea kheri, kisha atarudishwa ndani kwa watu wake. Ukishatosheka usisahau kutikisa finjani. Safari hii hatakuwepo mtu nyuma ya mlango wa kukucheka.

Kwa heri, Yusuf. Sikutakii baya.

Mimi, mama yake Rahma